Kifo cha Karani

Habari ilianzia sokoni Tongaren, msimu mmoja wa mavuno, ya kwamba Karani amefariki. Habari ya msiba haichelewi njiani. Kabla ya saa sita ilikuwa imekwisha fika Ndalu, na kabla ya jua kutua ilikuwa Naitiri. Wengine walidhani ni karani wa chama cha ushirika, wengine wakasema ni karani wa chifu. Mzee mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba alisikitika kuliko wote, maana karatasi zake zilikuwa bado mezani kwa karani huyo. Akapanda pikipiki, akavua kofia tangu langoni, akaingia katika boma la bibi kizee mmoja na kunena kwa sauti ya matanga, "Poleni sana. Marehemu alikuwa mtu wa haki."

Mjukuu wa bibi, mtoto wa miaka tisa, akamjibu, "Asante, Kuka. Tumemzika chini ya mparachichi."

Mzee aliutazama mparachichi, akaliona kaburi lisilozidi urefu wa mkono mmoja, akaivaa kofia yake tena. Ndipo alipoelezwa kwamba Karani aliyefariki alikuwa paka.

Kicheko cha jambo hilo kilizunguka soko lote kwa siku tatu. Walakini yaliyotokea katika boma lile si ya kuchekwa tu. Yana mafundisho kwa kila mwenye ghala, mwenye jirani na mwenye mtoto, na kwa sababu hiyo yafaa yaelezwe tangu mwanzo.

Paka huyo alikuwa wa rangi ya kijivu, na kifua chake cheupe kama shati lililopigwa pasi. Aliletwa kutoka soko la Kiminini ndani ya kikapu, angali mdogo wa kutosha kulala katika kiatu, mwaka uleule bibi alipofiwa na mumewe. Kila mavuno, magunia yalipopimwa, alipanda juu ya mbao zilizo karibu na mizani, akaketi wima, mkia ameuzungusha miguuni, macho yake yakifuata gunia moja baada ya jingine. Wapakiaji wakataniana, "Msimpunje bibi, karani wake anaandika." Jina likamshika, akaitwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Watoto wa bibi wamekwisha oa na kuolewa. Wengine wako Eldoret, wengine Nairobi. Mjukuu mmoja tu ndiye anayekaa naye kwa ajili ya shule. Usiku Karani alizunguka ghalani pamoja na mbwa mzee wa boma, na jogoo wa kwanza alipowika alirudi kwa njia ya dirisha, akalala miguuni pa bibi. Bibi hana saa ya ukutani. Alizoea kusema kwamba uzito ule miguuni ndio saa yake. Akiusikia, alijua imebaki saa moja tu kabla ya kukama ng'ombe.

Ili mtu afahamu kwa nini paka awe na thamani kubwa namna hiyo, hana budi kuijua nchi yenyewe. Tongaren ni nchi ya mahindi. Zamani za ukoloni mashamba ya upande huo wa mto Nzoia yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia mwaka 1962, chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba kama hayo yalinunuliwa, yakakatwa vipande, wakapewa wakulima Waafrika kwa mkopo. Bibi huyo alifika katika miaka hiyo akiwa bibi arusi, na mali yake ilikuwa jembe moja, sufuria mbili na deni la Serikali. Mwaka 1964 zilitolewa mbegu chotara za kwanza za Kitale, ikiwamo ile ya nambari 611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Kwa mbegu za namna hiyo watu walilipa madeni, wakajenga nyumba za mabati, wakasomesha.

Lakini mahindi ya huko huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo kilichomo ghalani ndicho ada ya shule ya Januari, ndicho mbegu na mbolea ya Machi, ndicho chakula hata mavuno mengine yafike. Mwizi anayekula gunia moja hapo amekula siku nyingi za maisha ya watu.

Na mwizi mkubwa ni panya. Yule panya shamba, anayefuata mahindi kutoka kondeni hata nyumbani, ni mnyama wa kutisha kwa uzazi wake. Jike lake laweza kuwa na chuchu 24. Hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu na zaidi kidogo, na mara nyingi huzaa watoto kumi hivi kwa mara moja. Mtu akiwaona panya wawili mwezi wa Desemba na kuwadharau, mwezi wa Machi asiulize gunia limekuwaje jepesi.

Zamani watu wa huko waliweka mahindi katika ghala za fito, zilizoinuliwa juu ya miguu, mbali kidogo na nyumba. Siku hizi, kwa kuwaogopa wezi wa miguu miwili, wengi wameyaingiza magunia ndani ya nyumba wanamolala. Wezi wa miguu miwili wamezuiwa. Wezi wa miguu minne wamekaribishwa hata chini ya kitanda.

Ndivyo alivyofanya jirani wa bibi. Ni mtu wa makamo mwenye watoto watano, na si mtu mbaya. Baba yake na mume wa bibi walifika Tongaren katika lori moja, wakapanda pamoja miti ya mpaka, na tangu hapo maboma hayo mawili yameazimana majembe, chumvi na fahali wa kulimia. Mwaka huo alivuna vizuri, akayarundika magunia katika chumba cha nyuma, akingoja bei ipande. Panya wakaanza. Kila asubuhi alikuta mashimo mapya katika magunia na unga wa mahindi sakafuni. Akahesabu ada ya watoto wake, akahesabu na mashimo, usingizi ukampotea.

Siku ya soko alinunua kwa mchuuzi kikaratasi cha sumu. Hakikuwa na jina la dawa, wala maelezo ya matumizi, wala onyo. Akaichanganya na ugali na omena, akafinyanga vidonge vidogo, akaviweka nyuma ya magunia. Hakumwambia mtu, maana aliona ni mambo ya nyumbani mwake.

Panya wakala. Lakini ziko sumu ambazo haziui papo hapo. Ziko zinazozuia damu isigande, na panya aliyezila huishi siku kadhaa huku damu ikivuja ndani ya mwili wake. Hulegea, akatembea mchana kweupe kama mlevi. Kwa paka, panya wa namna hiyo ni zawadi isiyo na jasho. Na akimla, sumu iliyomo tumboni na katika maini ya panya huhamia kwake. Paka hodari, mwenye kuwinda sana, ndiye anayeangamia upesi kuliko paka mvivu. Bidii yake ndiyo inayomponza.

Usiku wa kwanza Karani hakurudi mpaka jua lilipochomoza. Siku ya pili alikataa maziwa. Siku ya tatu mjukuu aliona ufizi wake umepauka, na tone la damu puani. Daktari wa mifugo alipigiwa simu, akaja jioni. Alimtazama, akamfunua mdomo, akauliza kwa upole, "Je, hapa karibu kuna mtu aliyetega sumu ya panya?" Bibi akasema hajui. Daktari akaeleza kwamba kwa dalili hizo yawezekana ni sumu ile ya kuzuia damu kuganda, nayo dawa yake ni vitamini K, inayofaa zaidi ikiwahi kutolewa mapema. Akamchoma sindano, lakini hakuwapa matumaini makubwa.

Usiku ule bibi alimweka paka juu ya gunia tupu kando ya meko. Karibu na alfajiri Karani aliinuka kwa shida, akatembea hatua nne kuelekea kitandani, akalala chini. Jogoo alipowika alikuwa amekwisha poa.

Mtoto alilia sana. Alitaka paka afanyiwe mazishi kamili, yenye msalaba na wimbo. Bibi alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu ambayo wengi waliosoma zaidi yake wasingeipata. "Mjukuu wangu," akasema, "hatumwimbii nyimbo za watu, kwa maana hakuwa mtu. Wala hatumtupi jalalani, kwa maana hakuwa takataka. Tutamzika kama mfanyakazi wa boma hili." Wakamfunga ndani ya gunia la mahindi, wakamchimbia shimo refu mbwa asiweze kulifukua, wakamfukia chini ya mparachichi.

Baada ya hapo bibi alifunga leso kiunoni, akashika fimbo, akaenda kwa jirani. Hakwenda kusalimia. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa makali, na kama yangesemwa, lori lile moja na miti ile ya mpaka visingetosha kuyafuta.

Alipofika alikuta mlango wa nyuma u wazi, na watu wazima wako kondeni wakikusanya mabua. Akaita hodi, hakuna aliyeitika. Akachungulia. Kitindamimba wa nyumba ile, mtoto asiyetimiza miaka miwili, alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya magunia, na katika kiganja chake alishika kidonge cha ugali na omena. Alikuwa akikipeleka mdomoni.

Fimbo ikaanguka. Bibi, ambaye magoti yake yalikuwa yakilalamika tangu mvua za Aprili, alivuka chumba kile kwa namna ambayo hata yeye hawezi kuieleza. Akampiga mtoto kofi la mkono, kidonge kikaruka. Akamfungua kinywa, akakipangusa kwa leso, akakinusa, akakikuta kitupu. Kisha akambeba hadi nje, akaketi naye juu ya jiwe, wote wawili wakilia, mtoto kwa sababu ya kofi, na bibi kwa sababu zake.

Wazazi walipokuja mbio, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto alioshwa mikono na uso kwa sabuni, akapelekwa kituo cha afya siku ileile ili atazamwe, akaonekana mzima. Baba yake alisimama mbele ya bibi, kofia mkononi, hana la kusema. Mwisho akanena, "Mayi, mimi ndimi niliyemwua paka wako."

Bibi akamjibu, "Mwanangu, nilikuja kukuambia neno hilohilo. Sasa limekwisha. Leta taa tukavitafute vingine."

Walivitafuta pamoja mpaka usiku, kwa kuhesabu. Alikuwa ameweka vidonge ishirini. Vikaonekana sita, na kile cha mtoto cha saba. Vilivyobaki vilikuwa vimeliwa. Waliwatafuta panya waliokufa, wakawaokota kwa mifuko ya plastiki mikononi, wakawafukia shimoni mbali na kisima. Kikaratasi cha sumu alikabidhiwa daktari wa mifugo.

Basi na turudi kwa wale waliocheka sokoni. Walisema, "Bibi amezeeka, analilia paka." Je, ni aibu kumlilia paka? Mtu akitazama mambo ya kale ataona kwamba bibi huyo si wa kwanza, na hatakuwa wa mwisho. Herodotus, mwandishi Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika juu ya Wamisri ya kwamba paka akifa nyumbani, watu wote wa nyumba ile hunyoa nyusi zao. Wamisri walikausha maiti za paka na kuziweka makaburini kwa heshima. Na dunia ina vituko: karibu na mwaka 1890 shehena ya maiti hizo, zipatazo tani 19, ilichukuliwa hadi Liverpool huko Uingereza, ikasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Wanyama waliolinda nafaka wakawa chakula cha nafaka.

Hata Wamisri hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Kifaransa walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta kaburi la mtu lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, na karibu naye, umbali wa nusu mita tu au pungufu, amezikwa paka. Wataalamu wanaeleza kwamba paka alianza kukaa na binadamu wakati ule watu walipojifunza kulima na kuweka nafaka. Nafaka iliwaita panya, panya wakamwita paka, naye mwanadamu akaona ni faida asimfukuze. Kwa hiyo urafiki huo haukuanzia juu ya mto wa kitanda cha tajiri. Ulianzia mlangoni mwa ghala. Na kwa watu wa pwani yetu, ambako paka wa Lamu hujulikana kama wenyeji, hakuna asiyelijua jina la Abu Huraira, Sahaba wa Mtume, maana yake baba wa kipaka.

Kulia kwa bibi, basi, hakukuwa kwa uzee. Mtu hulia kwa kiasi cha nafasi iliyoachwa. Nafasi aliyoiacha Karani ilikuwa miguuni pa kitanda, saa ya jogoo wa kwanza, na bibi aliendelea kuamka saa hiyo na kunyosha miguu ikakuta blanketi tupu. Jambo hilo hakumweleza mtu ila mjukuu wake, na mjukuu ndiye aliyelieleza shuleni.

Juma lilelile jirani alileta paka mdogo mwenye madoa. Bibi alimshukuru, akamrudisha. "Acha kwanza," akasema, "nyumba nayo ijue kwamba yule hayupo." Lakini panya hawangoji matanga yaishe. Mwishoni mwa Januari walisikika darini. Katikati ya Februari gunia la mbegu lilitobolewa. Ndipo bibi alipomtuma mjukuu kwa jirani na maneno machache: "Mwambie yule wa madoa aje aanze kazi." Hajapewa jina bado. Jina la Karani, asema bibi, halirithiwi mpaka mtu afanye mtihani.

Mafundisho ya habari hii ni mepesi kushika. Kwanza, sumu isiyo na jina wala maelezo isinunuliwe hata kama ni rahisi. Aliyeiuza hatakuwapo siku ya msiba. Pili, anayelazimika kutega sumu kwa dawa inayojulikana, na awaambie jirani zake kabla ya jua kutua, aitege mahali ambapo mtoto na mnyama wa nyumbani hawafiki, aokote mizoga kila asubuhi. Chakula cha watu, kama ugali na omena, kisichanganywe na sumu kikaachwa sakafuni, kwa maana mtoto hutambua harufu ya chakula wala hatambui hila.

Tatu, ghala njema huzuia panya kuliko sumu. Mahindi yakaushwe sawasawa, magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili mtu aweze kupita na kutazama. Ghala ya nje iwe na miguu mirefu, na kila mguu ufungwe bati lililopinda kama faneli, ambalo panya hawezi kulivuka. Hata mifuko ya siku hizi isiyopitisha hewa, inayoua wadudu bila dawa, hushindwa mara panya akiitoboa.

Nne, paka asiachwe na njaa kwa kudhani kuwa njaa itamfanya awinde. Paka aliyeshiba huwinda pia, na hukaa nyumbani. Achanjwe kichaa, kama mbwa anavyochanjwa. Na mbwa naye asisahauliwe. Utafiti uliofanywa vijijini katika nchi ya Eswatini, taarifa yake ikatolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba panya walipungua katika maboma yenye paka na mbwa pamoja, si katika yale yenye mmoja wao tu. Yule mbwa mzee wa bibi, ambaye hakusifiwa na mtu, alikuwa mwenzi wa kazi tangu awali.

Na kuhusu mzee mwenye kesi ya mpaka, karatasi zake zilikutwa salama, na karani wa chifu yu mzima wa afya. Watu walipomtania sokoni kwa ajili ya rambirambi zake, hakukasirika. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya mtoto na kidonge. Akawaambia, "Nilisema marehemu alikuwa mtu wa haki. Katika maneno yale nilikosea neno moja tu, nalo si neno la mwisho."